Kichujio cha Uani

Bibi aliuona ule uchafu Jumatano asubuhi, na kwa mtu kama Bibi, kuuona uchafu na kuuondoa ni tendo moja. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka uani, ndoo mkononi, macho bado mazito. Karibu na mtambo mpya wa kuchujia maji wa binti yake palikuwa na beseni la bluu, na ndani ya beseni kitambaa chembamba, ukubwa wa taulo la mkono, kimelala majini huku weusi wa mafuta umetapakaa juu yake kutoka pembe hadi pembe.

Mtu mwingine angejiuliza maswali. Lakini uani kwa dobi, kitambaa kichafu kilicholowekwa kwenye beseni kina maana moja tu: kinasubiri mtu wa kukifua. Bibi alikuwa amefua ovaroli za mafundi gereji kwa miaka thelathini na mitano, na hakukumbuka hata siku moja aliyorudisha nguo ikiwa na doa. Alivuta kigoda, akamwaga maji ya moto, akamimina sabuni ya unga, akashika brashi. Kitambaa kilikuwa kigumu kuliko vile alivyozoea na hakikukubali sabuni vizuri, ila Bibi hakuwa mtu wa kushindwa na kitambaa. Alisugua upande wa juu, akageuza, akasugua upande wa chini, akamalizia na dawa ya kung'arisha. Kisha akakikung'uta mara mbili, akakianika juani kwa vibanio viwili, akarudi nyuma hatua tatu kukitazama.

Kiling'aa. Bibi alitabasamu peke yake, akaenda kuchemsha chai.

Wa pili kukiona alikuwa mwanawe wa kwanza, ambaye mtaa mzima ulimwita Mistari, kwa sababu suruali ikipita mikononi mwake hutoka imenyooka utadhani haijawahi kukaliwa. Alitoka na mswaki mdomoni. Akatazama beseni, akalikuta tupu. Akatazama kamba. Povu la dawa ya meno likamshuka kidevuni mpaka kifuani asijue.

"Mke wangu! Njoo uone. Usiseme kitu, njoo tu."

Mkewe alikuja mbio. Huyu mafundi wote walimwita Shemeji, na yeye ndiye aliyepokea nguo, akazigawa, akagombana na wanaochelewa kuzichukua. Aliangalia kamba, akashika kichwa.

"Nani kaanika utando wa wifi?"

"Unadhani nani?"

"Si ulisema utamwambia Mama asiuguse?"

"Mimi? Kitinda aliniambia mimi, mimi nikakwambia wewe. Nikajua wewe utamwambia."

"Nimwambie mama mkwe wangu asifue? Uani kwake? Una wazimu wewe?"

Na huo ndio ulikuwa ukweli mtupu. Hakuna aliyezaliwa wala kuolewa katika nyumba ile mwenye ubavu wa kumpa Bibi maagizo ya usafi. Agizo lilitoka kwa Kitinda, binti wa Bibi, likaenda kwa kaka, likatoka kwa kaka likaenda kwa mke, na hapo likaishiwa nguvu.

*

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Ijumaa saa nne asubuhi Bwana Afya angefika na karatasi yake, na kama angeona mafuta kwenye maji yanayotoka uani kwao kwenda mtaroni, angefunga kazi. Alikuwa amelisema hilo wiki iliyopita akiwa amesimama langoni, viatu vyake akiviweka mbali na tope, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema jambo lilelile kila lango.

Aliyepeleka malalamiko alikuwa jirani wa bondeni, mama mmoja anayeuza miche ya mboga na maua. Mvua ilijaza mtaro, mtaro ukafurika kwenye kitalu chake, na maji yalipopungua yaliacha majani yamepakwa weusi unaonata. Mama Miche hakuja kugombana. Alileta trei nzima ya miche ya nyanya iliyokufa, akaiweka langoni bila neno, akaondoka. Bibi aliitazama ile trei kwa muda mrefu. Kufungiwa kazi kulimtia hofu, lakini ile miche ilimtia aibu, na kwa Bibi aibu ilikuwa nzito zaidi. Yeye aliyewatoa watu uchafu maisha yake yote, kumbe alikuwa anawapelekea wengine.

Si kwamba hawakujaribu. Mistari alijenga kisanduku cha saruji maji yatulie kabla ya kutoka. Mafuta peke yake si kesi. Ukiyaacha yanapanda juu, unayakwangua. Lakini ovaroli ya fundi haitakati kwa maji matupu. Sabuni ikiingia inayavunja yale mafuta kuwa matone madogo yasiyoonekana, yanatawanyika majini kama maziwa kwenye chai, na hapo hata ungoje wiki hayapandi ng'o.

Ndipo akaitwa Kitinda, mtoto wa mwisho wa Bibi, aliyekuwa chuoni akimalizia masomo ya juu. Miaka miwili familia ilimtania kwamba anasomea vitu visivyoonekana, maana kazi yake ilikuwa chembe za nano, ndogo kiasi kwamba ukichukua unywele mmoja ukaupasua mara maelfu bado hujazifikia. Kumbe hizo chembe alikuwa anazipaka kwenye utando wa kuchujia maji machafu yenye mafuta. Alikuja na pampu, tangi, mabomba, fremu ya plastiki, na tando tatu alizozitengeneza kwa mkono wake.

*

Kitinda alifika saa tatu, mkoba mgongoni. Alilitazama beseni kwanza.

"Nani kautoa kwenye maji?"

"Mimi," Bibi alijibu kwa furaha kutoka jikoni. "Tena usinishukuru. Ila na wewe ujifunze, mwanangu. Kitambaa hakilazwi na mafuta."

Mistari alianza kukagua kucha zake. Shemeji alikumbuka ghafla kwamba kuna vibanio vya kupanga.

Kitinda aliuanua utando. Ulikuwa umekauka kau, pembe zimejikunja, na ulipoinuliwa juani ilionekana michirizi ya brashi kila mahali. Aliufunga kwenye fremu, akawasha pampu, akasubiri. Maji yakatoka upande wa pili meusi vilevile kama yalivyoingia. Mafuta na maji vilipita pamoja bila hata kubishana.

Akazima pampu.

"Mama," alisema polepole, "umenifulia miaka miwili."

"Nimekufulia nini?"

"Hiki si kitambaa. Huu ni utando. Juu yake nilipaka chembe zinazopenda maji na kuyakataa mafuta. Maji yakija zinayapisha, mafuta yakija zinayazuia. Hautakiwi kukauka hata siku moja. Hautakiwi brashi. Zile chembe zote umezisugua, Mama. Zimeenda mtaroni."

Bibi aliushika utando ukingoni kwa vidole viwili, kama anashika nguo ya mtu mwingine.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Mistari alitazama chini, mkewe akamtazama Mistari. Bibi aliona yote, akaelewa yote. Alitundika brashi yake kwenye msumari, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Upole ule ndio uliowaumiza. Wangependa aubamize.

*

Mchana alikuja fundi mkuu wa gereji kubwa kuliko zote mtaani. Alisimama kando ya lango badala ya kuingia kama kawaida yake.

"Shemeji, nimekuja kuchukua zile ovaroli zetu."

"Umezileta jana. Hazijafuliwa."

"Najua. Nipe hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo? Na grisi yake?"

"Bosi kasema tu nizichukue." Fundi alikuna shingo. "Unajua tena. Watu wanaongea. Wakija kufunga na nguo zimo ndani, itakuwa tabu kuzitoa. Siyo mimi, Shemeji. Mimi ningeziacha."

"Mwaka wa ngapi tunakufulia?"

"Usiniulize hivyo."

Shemeji hakumuuliza tena. Alizikunja zile ovaroli chafu moja moja, mikono ndani, miguu ndani, akazifunga kwa kamba vizuri kuliko siku zote, ili mtu asije akasema kwamba mzigo ulitoka kwao ovyo. Fundi aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru mara tatu, akaondoka akitembea upesi. Shemeji alisubiri apinde kona, ndipo akajifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na grisi.

"Na huyu harusi yake nilimfulia suti bure," alimwambia mumewe.

"Nikaipiga pasi mimi," Mistari akajibu. "Mguu wa kushoto ulikuwa mrefu. Sikumwambia."

Walicheka, ingawa hawakutaka.

*

Alhamisi asubuhi Kitinda aligonga mlango wa mama yake, kikombe cha chai mkononi. Bibi alikuwa amekaa kitandani, amevaa vizuri, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini.

"Mama, nisamehe kwa jana."

"Mimi nimeharibu, halafu wewe ndiye unaomba msamaha? Dunia imegeuka?"

"Ule utando ulishakufa kabla hujaugusa." Kitinda alikaa pembeni yake. "Ndiyo maana niliulaza kwenye maji. Nilikuwa natafuta namna ya kuufufua. Ulifanya kazi nusu saa, ukaziba. Na wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo. Maabara mambo yalikuwa safi, lakini pale nilitumia mafuta niliyochanganya mwenyewe. Haya ya kwenu ni kiboko. Sikutaka kusema, maana kaka alishawatangazia watu kwamba kila kitu kiko sawa."

Bibi alipokea chai. Hakuinywa. Jicho lake lilikuwa limeanza kuamka.

"Uliziba na nini?"

"Mafuta. Yanakuja yanagandamana juu, maji yanakosa njia."

"Na huwa unayatoaje?"

"Nasukuma maji safi kutokea nyuma, yanayabandua. Kila baada ya saa moja. Ndivyo nilivyokuwa nafanya maabara."

"Saa nzima!" Bibi alisimama, chai ikamwagika kidogo kwenye sahani. "Doa la mafuta uliache saa nzima, likae, likunje miguu, linywe na chai, halafu ndiyo uje kulifukuza? Nani kakulea wewe?"

"Wewe, Mama."

"Basi nilikufundisha nini?"

Kitinda alijikuta anajibu kama mtoto mbele ya ubao. "Doa linatolewa kwa nyuma."

"Hilo umelikumbuka. Na la pili?"

"Litolewe likiwa bado bichi."

"Haya!" Bibi alikuwa ameshavaa kandambili. "Kwa hiyo ulijua. Ulivyofika chuoni ukadhani mafuta ya kule yana adabu. Kitambaa chako kingine kiko wapi?"

"Umebaki mmoja tu, Mama. Kutengeneza mwingine ni wiki tatu."

"Basi tuufue huo mmoja." Aliona uso wa binti yake, akaongeza haraka, "Bila brashi."

Kitinda alimtazama mama yake, mikono ile iliyochubuka na kukomaa, akafikiria ule utando wa mwisho uliolala kwenye chupa yake ya maji. Kisha akaenda kuuleta, akaukabidhi kwenye mikono ile ile iliyomsugua mwenzake kwa brashi.

*

Amri zilianza kutoka, na uani ukawa na uhai tena.

"Hakuna sabuni kwanza," Bibi alisema. "Ovaroli ziingie maji ya moto matupu. Mafuta yanayotaka kupanda yenyewe, yapande, tuyakwangue. Kwa nini muyapige sabuni yakiwa yanaondoka kwa hiari?"

"Mama, hiyo kazi ya zamani," Mistari alilalamika. "Kuloweka mara mbili."

"Na uliacha lini? Ulipoona sabuni ya unga inafanya kazi wewe ukiwa umelala. Kwangua."

Mistari alikwangua. Mafuta mazito yaliingia kwenye pipa la mafuta machafu ambalo gereji zilikuwa na mtu wao wa kulichukua. Baada ya hapo ndipo Shemeji akatia sabuni, akafua, na maji yake yakaenda kwenye tangi, ya kijivu, yenye utelezi, yale ambayo kisanduku cha saruji kilishindwa nayo. Kitinda akawasha pampu.

Kwenye bomba palikuwa na kipimo cha presha chenye mshale. Kitinda alieleza kwamba utando ukianza kuziba mshale unapanda. Bibi alivuta kigoda akakaa mbele ya ule mshale kama anatazama televisheni.

"Geuza," alisema.

"Bado, Mama. Hata haujapanda."

"Umepanda unywele mmoja. Geuza."

Kitinda akageuza koki. Maji safi yakapita kinyume kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, weusi kidogo ukatoka kwenye mrija wa pembeni, koki ikarudishwa. Mshale ukashuka mpaka chini kabisa. Kitinda akaandika saa kwenye daftari.

"Geuza."

Zilikuwa zimepita dakika tano. Na baada ya hapo tano nyingine. Nusu saa ilifika, ile nusu saa iliyoua tando mbili, na Kitinda akainamia kipimo. Mshale haukutikisika. Saa moja ikapita. Saa mbili. Ilipofika ya tatu daftari lilikuwa limejaa kurasa nne, na maji yaliyokuwa yakitoka mwishoni mwa bomba yalikuwa meupe. Mistari alikinga glasi, akaiinua juu.

"Naona vidole vyangu. Mke wangu, naona vidole vyangu! Naona mpaka kucha!"

Akaipeleka mdomoni.

"Kaka! Si ya kunywa! Mafuta yametoka, sabuni bado imo."

"Nilikuwa nainusa tu."

"Ulikuwa unakunywa," Shemeji alisema, kisha akashindwa kujizuia, akamkumbatia wifi yake wakazunguka wote wawili katikati ya mabeseni, wanapiga kelele kama wasichana wa shule siku ya kufunga. Kitinda alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Miaka miwili alikuwa amesubiri kuyaona maji yale, na hakuwahi kufikiri kwamba angeyaona uani kwao, mama yake akiwa amekaa kwenye kigoda.

"Mama, unajua umefanya nini?"

"Nimefua," Bibi alisema. "Acheni kelele, mshale unapanda."

*

Ijumaa saa nne kamili Bwana Afya aliingia na mkoba wake. Alikuwa amevaa shati jeupe pe. Nyuma yake alikuja Mama Miche, mikono kifuani, amekuja kujionea mwenyewe.

"Nisiwapotezee muda," Bwana Afya alisema. "Nachukua maji kwenye chupa mbili, yanaenda maabara, majibu ni wiki moja. Lakini leo naangalia kwa macho yangu. Nikiona mafuta, nafunga leo hii. Nisipoona, mnaendelea na kazi mpaka majibu yatoke." Akafungua mkoba nusu ili waione karatasi nyekundu ya kufunga kazi iliyokuwa imeshagongwa muhuri. "Na msinionyeshe maji ya bomba. Mwezi huu nimeshaonyeshwa maji ya bomba mara sita."

"Chagua ovaroli mwenyewe," Shemeji alimwambia.

Alichagua iliyokuwa chafu kuliko zote, ya fundi wa magari makubwa, imekakamaa kiasi cha kusimama yenyewe. Ikalowekwa, ikakwanguliwa, ikafuliwa mbele yake. Maji yale mabaya yakaingia tangini, pampu ikaunguruma, na upande wa pili mkondo mwembamba mweupe ukaanza kuanguka kwenye ndoo. Bwana Afya aliinama, akatazama juu ya maji akitafuta ule mng'ao wa rangi rangi. Akajaza chupa zake mbili.

"Geuza," Bibi alisema kwa sauti ya chini.

Kitinda alikuwa amegeuza ile koki mara mia bila shida. Lakini sasa alikuwa anatazamwa, akaifungua yote kwa mpigo. Mrija wa pembeni ukachomoka ukarusha maji, na yale mafuta yote yaliyobanduliwa yakaruka hewani yakamwangukia Bwana Afya kifuani.

Shati jeupe lilikuwa na bonge la weusi kuanzia mfukoni mpaka kwenye mshipi. Mama Miche alitoa sauti fulani akaiziba kwa kiganja. Mistari alifumba macho. Kitinda aliukamata mrija, akaurudisha mahali pake.

"Vua," Bibi alisema.

"Nini?" Bwana Afya aliuliza.

"Vua shati, mwanangu. Unaliacha likae la nini?"

Kuna sauti ambazo mtu mzima hazibishii, hata awe na muhuri mkobani. Bwana Afya alifungua vifungo. Akabaki na fulana, akaoneshwa kigoda, akakaa. Bibi alilitandaza shati kifudifudi kwenye ubao, akalipaka sabuni kwa nyuma, akalisukuma lile doa kurudi lilikotoka kwa vidole gumba, bila haraka, huku anamuuliza Bwana Afya ana watoto wangapi. Watatu, alijibu. Weusi ukayeyuka, ukawa kijivu, ukaisha. Shemeji akaleta ndoo ya maji ya bomba ya kusuuzia.

Bibi aliisogeza pembeni kwa mguu. Akavuta ile nyingine, iliyokuwa chini ya mtambo.

"Mama," Mistari alinong'ona, "tumia ya bomba. Tafadhali."

"Kwa nini? Haya yana nini?"

Mistari alimtazama Bwana Afya kwa pembe ya jicho. Kila dobi anajua mafuta hayajionyeshi nguo ikiwa imelowa. Inapokauka ndipo pete ya njano inapojitokeza, na hapo hakuna wa kumsingizia. Kama katika ile ndoo kulikuwa na mafuta hata ya kijiko, lile shati jeupe lingewasema. Bibi alilisuuza mara tatu, akalikamua, akalianika katikati ya kamba, pale penye jua kali.

Wakasubiri. Bwana Afya aliletewa chai, na bila shati alionekana mdogo kuliko cheo chake, mtu wa kawaida mwenye mabega membamba. Mama Miche alimweleza habari za miche yake iliyokufa, na Bibi akasikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Alipomaliza, Bibi alisema, "Ile trei yako niliiona. Sikulala vizuri wiki nzima." Mama Miche hakutegemea hilo. Alikoroga chai yake muda mrefu, akasema kidogo kidogo kwamba miche mipya ilikuwa imeanza kuota.

Kitinda alihesabu dakika, akigeuza koki kwa mikono miwili, mrija ukiwa umefungwa kwa kamba mara tano.

Shati likakauka. Bwana Afya alilianua mwenyewe. Akalitazama mbele, akaligeuza ndani nje, akalinyoosha kuelekea jua, akalinusa. Akampa Mama Miche, naye akalikagua kwa bidii ya mtu aliyekuja kutafuta, kola, mfuko, mshono, upindo.

"Mimi sioni kitu," alisema mwishowe. Halafu, kwa sababu alikuwa mkweli, akaongeza, "Ni jeupe kuliko lilivyokuja."

Bwana Afya alinyoosha mkono alichukue avae. Bibi akamuwahi.

"Usilivae hivyo. Limekunjamana. Huna kikao leo?"

"Saa sita. Kwa mkurugenzi."

"Kwa mkurugenzi, na shati hili!" Bibi alitikisa kichwa kwa huruma. "Mwanangu huyu angekupigia pasi sasa hivi, dakika tano tu. Lakini ndiyo hivyo, sijui tuko upande gani. Kama tumefungwa, hatuna ruhusa ya kuwasha pasi, itabidi uende ulivyo. Wewe ndiye mwenye karatasi. Tufanyeje?"

Bwana Afya alilitazama shati lililojikunja mikononi mwa yule mama. Akautazama mkoba wake uliokuwa wazi nusu, na mkondo wa maji uliokuwa bado unaanguka ndooni, mweupe, bila kelele. Mabega yake membamba yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika goti. Kisha akainama, akavuta zipu ya mkoba mpaka mwisho, karatasi nyekundu ikiwa ndani.

"Aanze na kola," alisema.

Kigelegele alichopiga Shemeji kilisikika mpaka gereji ya pili.